Sijui tarehe niliyookoka. Je, nimezaliwa mara ya pili?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mwezi huu natimiza miaka 30. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikalelewa kanisani, na kusema kweli sikumbuki wakati ambao sikumwamini Yesu. Katika kikundi chetu cha maombi umeanza utaratibu mpya. Hatupongezani tena siku za kuzaliwa za mwili, kwa sababu kiongozi wetu anasema ni desturi ya kipagani na kwamba katika Biblia waliozisherehekea ni Farao na Herode tu. Badala yake kila mmoja anaandikisha tarehe aliyookoka, na siku hiyo ikifika tunamwimbia na kumwombea. Mimi sina tarehe. Nilipomweleza kiongozi akanijibu kwamba aliyezaliwa hakosi kuijua siku yake, na kama siijui huenda bado sijazaliwa. Tangu hapo sina amani. Nifanyeje? Na nikikata keki na familia yangu nitakuwa nimemkosea Mungu?

Jibu: Amina, dada yangu. Hapa kuna maswali mawili, na kiongozi wako ameyafunga fundo moja. Nitayatenganisha, nianze na lile jepesi.

Jepesi ni la Farao na Herode. Ni kweli, sherehe za siku ya kuzaliwa zinazotajwa waziwazi katika Biblia ni hizo mbili, na zote zina maiti. Katika Mwanzo 40 Farao anawafanyia karamu watumishi wake wote, na siku hiyohiyo mnyweshaji anarudishiwa kazi yake na mwokaji anatundikwa. Katika Marko 6 Herode Antipa anawaalika wakubwa wake, majemadari na watu wenye vyeo wa Galilaya. Binti anacheza, mfalme anaapa mbele ya wageni kwamba atampa chochote hata nusu ya ufalme, na kabla karamu haijaisha kichwa cha Yohana Mbatizaji kinaletwa ukumbini juu ya sinia. Hoja hii kiongozi wako hakuitunga yeye. Origen, mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa la karne ya 3, aliihubiri vivyo hivyo alipokuwa akifafanua kitabu cha Walawi: watakatifu hawafanyi karamu siku yao ya kuzaliwa, wenye dhambi ndio huifanya. Na akawataja haohao, Farao na Herode.

Kwa hiyo ni hoja ya zamani yenye heshima yake. Ila haibebi mzigo iliotwishwa. Chukua harusi. Labani alimdanganya Yakobo kwenye harusi, akampa Lea mahali pa Raheli. Karamu ya harusi ya Samsoni iliishia kwa watu 30 kuuawa Ashkeloni. Kama tungehesabu maovu yaliyotokea kwenye harusi za Biblia, tungepata orodha ndefu kuliko ya siku za kuzaliwa, na bado hakuna anayesema harusi ni haramu. Yesu mwenyewe alikwenda Kana.

Halafu kuna jambo ambalo wenye hoja hii huliruka, nami huwa nashangaa wanalirukaje, kwa sababu linamhusu mtu yuleyule aliyekatwa kichwa. Fungua Luka 1. Malaika anamwambia Zakaria kwamba atapata mtoto, kwamba yeye mwenyewe atakuwa na furaha na shangwe, na kwamba wengi watafurahia kuzaliwa kwa mtoto huyo. Elisabeti anapojifungua, majirani na jamaa wanasikia jinsi Bwana alivyomwongezea rehema, wanakuja kufurahi pamoja naye. Yohana Mbatizaji alipokelewa duniani kwa furaha iliyotangazwa na malaika, akaondolewa kwenye karamu ya mtu aliyejisherehekea mwenyewe. Weka nyumba ya Elisabeti kando ya ukumbi wa Herode. Kwa Elisabeti watu wanamshukuru Mungu kwa uhai aliowapa wazee wawili. Kwa Herode mtu mmoja amejikusanyia wakubwa ili aonekane, anaapa kiapo cha kipumbavu, kisha anaua kwa sababu anaona aibu mbele ya walioketi naye mezani. Marko analisema hilo bila kuficha: mfalme alihuzunika sana, lakini kwa ajili ya viapo vyake na kwa ajili ya wageni hakutaka kumkataa binti. Dhambi ya siku ile ilikuwa majivuno na woga. Zipo karamu za namna hiyo hata leo, na si lazima ziwe za siku ya kuzaliwa.

Hata hivyo usimcheke kiongozi wako, wala usimcheke Origen. Wakristo wa karne za kwanza walikuwa na sababu nzito ya kujitenga na sherehe hizi. Kwa Warumi siku ya kuzaliwa ilikuwa ibada. Mwanamume alifukiza uvumba na kumwaga divai kwa ajili ya roho aliyeaminiwa kumlinda tangu azaliwe, na siku ya kuzaliwa ya mtawala ilikuwa sikukuu ya dola yenye dhabihu zake. Wayahudi walikuwa wameionja adha hiyo mapema: Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho Waprotestanti wengi hawakihesabu katika Biblia, sura ya 6, kinasimulia jinsi walivyosukumwa kwa nguvu kushiriki dhabihu siku ya kuzaliwa ya mfalme ilipoadhimishwa kila mwezi. Na mwaka 203, mjini Karthago, Afrika Kaskazini, kundi la Wakristo vijana lilitupwa kwa wanyama katika michezo iliyoandaliwa kwa heshima ya siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa Kaisari. Mmoja wao alikuwa Perpetua, mama wa miaka ipatayo 22 aliyekuwa akinyonyesha. Mwingine alikuwa Felisita, mtumwa, aliyejifungua binti gerezani siku chache tu kabla ya kuuawa. Dada mmoja Mkristo akamchukua mtoto na kumlea kama wake. Mtu aliyewaona ndugu zake wakiraruliwa ili mtoto wa mfalme afurahie siku yake hawezi kulaumiwa akisema, mambo haya sisi hatuyataki.

Kanisa lile likageuza meza. Wenyeji wa Smirna walipoandika habari za kuuawa kwa askofu wao Polikapo, katikati ya karne ya 2, walisema watakusanyika kila mwaka penye mifupa yake kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya ushahidi wake. Siku aliyochomwa moto waliiita siku ya kuzaliwa. Mpaka leo kalenda ya Kanisa la magharibi inawakumbuka karibu watakatifu wote kwa siku waliyokufa, na inaadhimisha kuzaliwa kimwili kwa watatu tu: Bwana Yesu tarehe 25 Desemba, Mariamu mama yake tarehe 8 Septemba, na Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni. Ndiyo, Yohana tena.

Sasa keki yako. Kama hapo nyumbani hakuna anayefukiziwa uvumba, na hakuna anayejitukuza juu ya wengine, basi unaingia moja kwa moja katika Warumi 14. Paulo anasema mmoja anafanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine anaona siku zote ni sawa, na "kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Anayeiadhimisha siku aiadhimishe kwa Bwana. Dhamiri ya kiongozi wako ikimkataza, aiheshimu. Wapo Wakristo waaminifu wasioadhimisha, na hawapungukiwi kitu. Anachokosa haki ya kufanya ni kuigeuza dhamiri yake kuwa sheria ya kikundi.

Niongeze hapa jambo moja linalonisumbua katika lugha ya "siku ya mwili" na "siku ya roho." Ikisemwa kwa dharau, inaanza kunukia ule uzushi wa kale uliofundisha kwamba mwili ni kazi ya mungu mwingine mdogo, na Kanisa likaukataa. Aliyekuzaa mara ya pili ndiye aliyekuumba mara ya kwanza. Yeremia aliilaani siku aliyozaliwa (sura ya 20), Ayubu naye aliilaani (sura ya 3), na watu hupenda kuwataja kama mashahidi dhidi ya siku za kuzaliwa. Lakini wale walikuwa wanalia, hawakuwa wanatunga mafundisho, na Mungu hakuitikia amina juu ya laana zao. Huyohuyo Yeremia ndiye aliyeambiwa, "Kabla sijakuumba katika tumbo nalikujua."

Na Agostino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale? Alizaliwa tarehe 13 Novemba 354. Mwaka 386, miezi michache baada ya kumgeukia Kristo katika bustani kule Milano, siku yake ya kuzaliwa ilimkuta amejitenga mashambani na mama yake Monika, mwanawe Adeodato, ndugu na wanafunzi wake. Alifanya nini? Aliwapa chakula chepesi, makusudi kisije kikazilemea akili zao, kisha akawaketisha wazungumze juu ya maisha yenye heri ni yapi. Mazungumzo yalidumu siku tatu. Mwongofu mpya kabisa, mwenye bidii kuliko wengi wetu, akaifanya siku ya mwili kuwa siku ya kumtafuta Mungu. Ubatizo wake ulikuja baadaye, usiku wa Pasaka mwaka 387, mikononi mwa Ambrosi, askofu wa Milano.

Nimemtaja Agostino kwa makusudi, maana anatupeleka kwenye swali lako zito. Yeye alizaliwa mara ya pili lini? Bustanini, alipoisoma Warumi 13 na moyo ukatulia? Majini, usiku wa Pasaka? Au miaka ya nyuma, mama yake alipokuwa akimwombea kwa machozi naye akimkimbia Mungu? Ana tarehe nyingi, na bado huwezi kuweka kidole juu ya moja ukasema ndiyo hii, zile nyingine hazikuwa kitu.

Turudi penye chimbuko la fundisho lenyewe, Yohana 3. Nikodemo ni Farisayo, mkuu wa Wayahudi, mwalimu wa Israeli. Amekuja usiku. Yesu anamwambia, "Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu." Mzee anachanganyikiwa, anauliza kama mtu aweza kurudi tumboni mwa mamaye. Yesu anamweleza habari ya maji na Roho, kisha anasema neno ambalo ningependa kikundi chenu kilisome polepole: "Upepo huvuma upendako, na sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda, kadhalika na hali yake kila mtu aliyezaliwa kwa Roho." Unasikia sauti yake. Hujui ulikoanzia. Maneno haya yametoka katika kinywa cha yuleyule aliyesema kwamba kuzaliwa huko ni lazima.

Tazama pia yanayompata Nikodemo. Sura ya 3 inamaliza habari yake bila kutuambia kama aliamini. Swali lake la mwisho ni "Yawezaje kuwa mambo haya?" na baada ya hapo tunasikia sauti ya Yesu tu, mzee anapotelea gizani alikotoka. Katika sura ya 7 anaibuka barazani, wenzake wakitaka kumhukumu Yesu, na anauliza kwa uangalifu kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wanamkejeli kama naye ni Mgalilaya. Katika sura ya 19 Yesu amekufa, wanafunzi wametawanyika, na Nikodemo anakuja na mchanganyiko wa manemane na udi wa ratli zipatazo mia, mzigo ambao huwezi kuuficha chini ya joho, kumzika mtu ambaye baraza lake mwenyewe limemhukumu. Mahali fulani kati ya usiku ule na jioni hii kuna kitu kimetokea ndani ya mtu huyu. Lini? Yohana hasemi. Mtu ambaye Bwana alimfundisha habari za kuzaliwa mara ya pili hana tarehe iliyoandikwa.

Wapo wenye tarehe, bila shaka. Paulo alijua njia, saa na mwanga. Mlinzi wa gereza la Filipi aliijua siku yake: tetemeko usiku wa manane, upanga mkononi, na kabla ya asubuhi amekwisha kubatizwa na nyumba yake yote. Lakini katika sura hiyohiyo, Matendo 16, yupo Lidia, mwuza rangi ya zambarau, aliyekuwa tayari mcha Mungu. Ameketi kando ya mto na wanawake wenzake akisikiliza, na Luka anasema tu kwamba Bwana aliufungua moyo wake. Hapakuwa na tetemeko. Na mwanzoni mwa sura hiyo yupo Timotheo, ambaye Paulo atamwandikia baadaye kwamba imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na kwamba "tangu utoto umeyajua maandiko matakatifu." Watu watatu, sura moja, kanisa moja. Ukimwuliza Timotheo aandikishe tarehe, nadhani angepata taabu kama yako.

Kiongozi wako anasema aliyezaliwa hakosi kuijua siku yake. Mimi namwuliza: yeye alikumbuka nini cha siku aliyozaliwa? Aliambiwa. Mama alimwambia, au cheti kilimwambia. Wapo watu wazima wengi duniani wasiojua tarehe yao ya kuzaliwa, na hakuna daktari aliyewahi kumwandikia mmoja wao kwamba hayupo. Mtoto halii wodini kwa sababu anajua saa. Analia kwa sababu ana pumzi.

Ndivyo Mtume Yohana anavyofundisha katika waraka wake wa kwanza, ambao unazungumzia kuzaliwa na Mungu mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote cha Agano Jipya. Anaandika kwa watu waliotikiswa kama wewe, wasiojua tena kama ni watoto wa Mungu au la. Ingekuwa rahisi kuwaambia wakumbuke siku waliyookoka. Hasemi hivyo hata mara moja. Anasema: "Sisi tunajua ya kuwa tumepita kutoka mautini kuingia uzimani, kwa maana twawapenda ndugu." Anasema kila aaminiye kwamba Yesu ni Kristo amezaliwa na Mungu. Anasema kila atendaye haki amezaliwa na yeye. Ushahidi wote anaouita ni wa leo: unamwamini nani leo, unampenda nani leo, dhambi unaichukuliaje leo.

Hapa makanisa yetu hayasemi lugha moja, na sitaki kukuficha. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana wengi wanafungamanisha kuzaliwa upya na ubatizo, wakisimama juu ya Tito 3:5, "kwa kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili na kufanywa upya na Roho Mtakatifu." Kwa mapokeo hayo tarehe yako ipo, imeandikwa kwenye daftari la ubatizo, na hukuhitaji kuikumbuka zaidi ya ulivyohitaji kukumbuka ile ya kwanza. Wabaptisti na Wapentekoste wengi wanasema kuzaliwa kunakuja pale mtu anapoamini, na maji ni ushuhuda wa kilichokwisha kutokea. Kikundi chenu, naona, kimesimama upande huo. Mimi ni wa upande wa kwanza, lakini hata nikiwa wa pili jibu langu kwako lisingebadilika, kwa sababu kuamini nako kunaweza kuanza utotoni, pole pole, bila kengele kulia.

Kanisa la kale lililipenda sana jambo hili la kuzaliwa. Waliobatizwa walipotoka majini walionjeshwa maziwa na asali, watu wazima wenye ndevu, kama watoto wachanga wanaolishwa mara ya kwanza. Gregori wa Nazianzo, akihubiri juu ya ubatizo mjini Konstantinopoli mwaka 381, alisema kwetu kuna kuzaliwa kutatu: kwa mwili, kwa ubatizo na kwa ufufuo. Napenda hesabu hiyo. Inakukumbusha kwamba hata mwenye tarehe mbili zilizoandikwa vizuri bado anaisubiri ya tatu. Naye Martin Luther, mwanzilishi wa Kanisa la Kilutheri, aliyezaliwa tarehe 10 Novemba 1483 na kubatizwa kesho yake, alifundisha katika katekisimu yake ndogo kwamba Adamu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa toba, na mtu mpya atokeze kila siku. Ukimsikiliza yeye, "umezaliwa lini?" ni swali ambalo asubuhi ya leo ina sehemu yake katika jibu.

Lakini dada, nisikutulize kwa haraka mno. Yule aliyeambiwa "hamna budi kuzaliwa mara ya pili" hakuwa mlevi wala mwabudu sanamu. Alikuwa mtu wa dini, aliyelelewa katika Maandiko tangu utoto, mwenye nafasi ya heshima. Kama wewe, kama mimi. Kulelewa kanisani ni neema kubwa, na ni mahali ambapo mtu anaweza kujificha asikutane na Mungu kwa miaka mingi. Kwa hiyo kiongozi wako alikosea kwa kipimo alichokutumia, lakini hakukosea kutaka ujipime. "Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani," anaandika Paulo kwa Wakorintho, watu waliokuwa tayari wamebatizwa.

Basi jiulize, ukiwa peke yako, bila kikundi kukutazama. Ukikosa usingizi kwa sababu ya kosa ulilofanya, unakimbilia wapi: kwenye wema wako wa nyuma, au kwenye msalaba? Yupo mtu ambaye umemsamehe kwa sababu tu Kristo amekusamehe? Kuna dhambi uliyokuwa ukiizoea ambayo sasa inakuuma? Unaomba pale ambapo hakuna atakayejua kama umeomba? Usitafute majibu makamilifu, hakuna aliye nayo. Tafuta dalili za uhai. Ukizikuta, hata zikiwa dhaifu, mshukuru Mungu na uache kuchimba kaburi la tarehe. Usipozikuta, pia huhitaji tarehe ya zamani. Unaweza kumwomba leo, kwa maneno ya kawaida, naye hamtupi nje yeyote ajaye kwake. Hata ombi la "Bwana, sijui kama nimewahi kuwa wako, nipokee" ni ombi la mtu ambaye upepo umekwisha kumgusa.

Na tarehe yenyewe haimlindi mtu. Simoni wa Samaria alikuwa nayo: aliamini, akabatizwa, akafuatana na Filipo (Matendo 8), na muda mfupi baadaye Petro anamwambia, "moyo wako si mnyofu mbele za Mungu." Kwenye daftari la kikundi chenu jina lake lingeandikwa vizuri kabisa na siku yake ingeimbiwa.

Sisemi kikundi kifute utaratibu huo. Kukumbuka siku ya kukombolewa ni jambo la Biblia. Israeli waliamriwa waikumbuke siku waliyotoka Misri siku zote za maisha yao. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliandika mpaka saa: jioni ya tarehe 24 Mei 1738, yapata saa tatu kasorobo, kwenye mkutano wa Mtaa wa Aldersgate mjini London, alipohisi moyo wake umepata joto la ajabu. Nduguye Charles alikuwa amemtangulia kwa siku tatu, na mwaka uliofuata akatunga wimbo wa kuadhimisha kumbukumbu hiyo, ambao Wakristo wa madhehebu mengi wanauimba hadi leo. Mwenye tarehe aifurahie. Ashuhudie. Asiigeuze tu kuwa mlango ambao wengine wote lazima wapitie.

Na kuhusu Pasaka ya Israeli, kuna sehemu yako humo. Kutoka 13:8 inamwagiza baba amweleze mwanawe kwamba anafanya hivi kwa sababu ya yale "Bwana aliyonifanyia mimi, hapo nilipotoka Misri." Fikiria vizazi vilivyozaliwa Kanaani, ambao hawakuwahi kuiona Misri hata kwa mbali. Nao waliagizwa kusema mimi. Wokovu uliotokea siku moja katika historia ulikuwa wao, ingawa hawakuwa na kumbukumbu yake vichwani. Petro anafanya hivyohivyo na kuzaliwa kwetu: Mungu "alituzaa mara ya pili ili tupate tumaini lenye uzima kwa kufufuka kwake Yesu Kristo katika wafu." Tarehe ya kuzaliwa kwako upya, anayoijali Petro, ni asubuhi ya siku ya tatu. Hiyo unayo, na kiongozi wako hana nyingine inayoizidi.

Kwa hiyo, kwa vitendo. Siku yako ya miaka 30 kaa na familia yako, mle, mcheke. Kabla ya keki soma Zaburi ya 139 kwa sauti, na kama wazazi wako wapo hai uwashukuru kwa jambo mahususi, hasa kwamba walikupeleka ubatizoni na kukufundisha kuomba. Kama kuna mtu mliyekosana naye, mpigie simu siku hiyo. Kisha nenda kanisani ulikobatizwa, au tuma mtu, waangalie daftari la ubatizo. Makanisa mengi huyatunza kwa miaka mingi, na utapata tarehe pamoja na majina ya wasimamizi wako. Wakiwa hai, watafute.

Kikundini, ukiombwa uandikishe siku yako, andika tarehe hiyo ya ubatizo. Wakisema haihesabiki, andika Pasaka. Wakikataa na hiyo, usibishane mbele ya watu. Mwombe kiongozi mkutane pamoja na mchungaji wenu, msome Yohana 3 yote na waraka wa kwanza wa Yohana, na umwombe akuonyeshe aya inayodai tarehe. Nawe uwe tayari kumsikiliza akikuuliza habari za moyo wako, maana hilo ana haki ya kuliuliza.